Wiki ya kwanza chuoni: Mfanyabiashara, usiikwepe

Na Mwandishi Wetu, Kampala

KILA mwaka ifikapo Agosti, barabara ya Ggaba inayopita Nsambya jijini Kampala hubadilika sura. Bodaboda hushusha vijana wenye mabegi mapya na bahasha za kaki zilizojaa vyeti. Wengine wamefuatana na wazazi, wengine na mjomba aliyelipa ada. Ni wanafunzi wapya wa vyuo vikuu, na wengi wao wanakuja kusoma biashara.

Katikati ya vijana hao siku hizi utawaona pia watu wazima. Yupo mama mwenye duka la vitenge kule Busia, yupo mwanamume anayevusha maharage Mutukula, na yupo aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kuishi ugenini, akiwa na cheti cha nchi nyingine mkononi. Hawa nao wamepata nafasi ya kusoma Shahada ya Utawala wa Biashara, maarufu kama BBA, na ada wanailipa kwa jasho lao wenyewe.

Tatizo ni kwamba watu wa kundi hili ndio wa kwanza kuikwepa wiki ya maelekezo, yaani ile wiki ya mwanzo ambayo chuo huitenga kwa ajili ya kuwapokea wanafunzi wapya kabla masomo hayajaanza. Sababu zao zinaeleweka. Mzigo uko mpakani, mteja anasubiri, na dukani kaachwa mtoto wa dada ambaye hajazoea bei. Isitoshe wamesikia kwamba wiki hiyo ni ya hotuba na burudani tu, kwa hiyo hujitokeza wiki ya tatu, wakidhani hawajakosa kitu.

Ukweli ni kwamba wamekosa mambo ambayo baadaye watayalipia. Mfanyabiashara wa mpakani anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba mzigo ukifika forodhani bila karatasi hauvuki, hata uwe mzuri namna gani. Chuo kikuu nacho kina forodha yake, na wiki ya maelekezo ndipo karatasi zake zinapoelezwa.

Kilima chenye historia ya shule

Kwa msomaji asiyeijua, Nsambya ni kilima kilichoko kusini mwa katikati ya jiji, katika tarafa ya Makindye. Wamisionari wa Mill Hill walifika hapa mwaka 1895, na mwaka 1903 masista wa Kifransisko, akiwamo Mama Kevin, mzaliwa wa Ireland, wakaanzisha zahanati iliyokuja kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Leo kilima hicho kina hospitali hiyo, kambi ya polisi, Ubalozi wa Marekani, na mafundi seremala wanaopanga makochi na vitanda kandokando ya barabara.

Chuo Kikuu cha Cavendish Uganda, kilichoanza mwaka 2008, kiko hapo hapo Nsambya kwenye barabara ya Ggaba. Ukiendelea na barabara hiyo, ukapita Kabalagala, unafika Kansanga kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichoanza mwaka 2001. Upande wa mashariki wa jiji, Nakawa, kuna Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, maarufu kama MUBS, iliyoundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha kitivo cha biashara cha Makerere na chuo cha biashara kilichokuwa Nakawa.

Kwa hiyo anayetaka kusoma biashara Kampala ana uchaguzi mpana, na madarasa hayo hukusanya watu kutoka nchi nyingi. Mganda hukaa kiti kimoja na Mkongo, Msudani Kusini, Mrundi na Mkenya. Kila mmoja anatoka katika shule za mfumo tofauti, na hapo ndipo kazi ya wiki ya maelekezo inapoanzia.

Cheti cha ugenini

Kuna milango kadhaa ya kuingilia shahada ya kwanza nchini Uganda. Wa kwanza ni wa aliyemaliza kidato cha sita akiwa na angalau ufaulu wa masomo mawili ya msingi. Wa pili ni wa mwenye diploma inayotambuliwa. Wa tatu ni wa watu wazima, ambao ni kwa mwenye umri wa miaka 25 na kuendelea aliyefaulu mtihani maalumu wa kujiunga. Upo pia mwaka wa maandalizi, unaomalizikia kwa cheti cha kumwezesha mtu kuingia elimu ya juu, kwa wale ambao matokeo yao ya sekondari hayakufikia kiwango. Sheria inayosimamia mambo haya ni ile ya vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu ya mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyoanzisha Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Kwa aliyesomea ndani ya Uganda, kazi ni kuonyesha cheti. Kwa aliyerudi kutoka ugenini, kazi ni zaidi ya hapo. Cheti cha sekondari cha Tanzania, Kenya, Kongo au Rwanda hakina budi kupelekwa kwa Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, ili kilinganishwe na vyeti vya hapa. Kikiwa kimeandikwa kwa Kifaransa, kitahitaji tafsiri. Kama ni diploma au shahada ya nje, anayehusika na ulinganisho ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Ulinganisho si fitina dhidi ya waliorudi, ingawa wengi huuona hivyo. Mifumo yetu imetofautiana kweli. Tanzania na Uganda zina kidato cha tano na cha sita, ilhali mfumo wa Kenya wa 8-4-4 ulimtoa mwanafunzi kidato cha nne moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mwanafunzi wa Kongo naye humaliza sekondari kwa mtihani wa taifa wenye alama za asilimia. Lazima pawepo mtu wa kusema asilimia hizo zinalingana na nini huku.

Mwandishi wa makala haya alisoma shule za uhamishoni, na anajua uzito wa jambo hili. Cheti changu kilizungushwa kutoka meza moja hadi nyingine kwa wiki kadhaa, kila ofisi ikisema kuna karatasi inayokosekana bila kuitaja. Aliyenisaidia hatimaye alikuwa karani kijana aliyesema kwa sentensi moja: "Mwalimu, unachotakiwa kuleta ni barua ya ulinganisho." Sentensi kama hizo ndizo zinazosemwa bure katika wiki ya maelekezo, mbele ya watu wote, na msajili mwenyewe akiwa hapo kujibu maswali.

Asiye raia ana jambo jingine la kukamilisha, nalo ni pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, raia wa nchi wanachama hawatozwi ada ya pasi hiyo, lakini kutotozwa ada si kutotakiwa kuomba. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo wapo wengi ambao haki hiyo ni mpya kwao na hawajaizoea.

Kudahiliwa na kusajiliwa

Neno linalowaponza wengi ni "nimeshaingia". Mtu amepokea barua ya kukubaliwa, amelipa sehemu ya ada, anahudhuria darasani na jina lake liko kwenye kundi la wanafunzi katika simu. Anaamini yeye ni mwanafunzi. Kwa kanuni za chuo, bado.

Barua ya kukubaliwa inasema una nafasi. Usajili ndio unaokuingiza kwenye daftari, nao hufanyika kila muhula, ndani ya muda uliowekwa, kwa kuonyesha vyeti halisi na malipo yanayotakiwa. Asiyesajiliwa hawezi kupewa kadi ya mtihani. Na asiyekuwa na kadi hiyo hawezi kukaa mtihani, hata kama hakukosa kipindi hata kimoja.

Huu ndio mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu wazima kuliko vijana. Kijana ana mwenzake wa hosteli wa kumkumbusha tarehe. Mtu mzima anatoka darasani saa mbili usiku, anakimbilia basi la Busia, na tangazo lililobandikwa mchana halioni. Inafika Desemba, siku ya mtihani, ndipo anagundua kwamba muhula mzima aliousoma haumo kwenye rekodi. Ada ya muhula imekwenda, na mtaji uliotolewa dukani ili kulipa ada hiyo umekwenda nao.

Katika malipo pia kuna la kujua. Ada ya masomo ni sehemu moja tu ya gharama. Yapo malipo mengine ya usajili, maktaba, mitihani, kitambulisho na umoja wa wanafunzi, ambayo hayamo kwenye ile hesabu iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kipeperushi. Lipa kupitia akaunti au namba rasmi ya chuo pekee, na hifadhi stakabadhi zote mpaka siku ya mahafali. Msimu wa udahili huvuta pia matapeli wanaojifanya mawakala, wakimwahidi mgeni kumlipia kwa punguzo. Mtu anayejua kutofautisha noti bandia kwa kidole asikubali kumkabidhi ada mtu aliyesimama nje ya lango.

Wala asitegemee sana mkopo. Bodi ya kugharamia wanafunzi wa elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 imeelekeza mikopo yake zaidi katika kozi za sayansi na teknolojia. Mwanafunzi wa biashara apange ada yake kwa kuhesabu kilichomo mfukoni.

Kalenda mbili zinapogongana

Muhula wa chuo kikuu nchini Uganda huwa na wiki 17, yaani 15 za masomo na mbili za mitihani. Hesabu mwenyewe. Muhula ukianza katikati ya Agosti, mitihani inaangukia mwanzoni mwa Desemba hadi katikati yake.

Sasa fungua kalenda ya soko. Desemba ndiyo mwezi ambao mwenye duka la nguo, viatu au vyakula huuza kuliko miezi mingine, kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Mzigo wa Desemba huagizwa Novemba, wakati uleule ambao wahadhiri wanakusanya kazi za mwisho. Muhula wa pili nao humalizikia Mei au Juni, wakati maharage na mahindi ya msimu wa kwanza yanaanza kuingia sokoni na wanunuzi wanagombania bei.

Mfanyabiashara mwanafunzi hana ujanja wa kuihamisha Krismasi. Anachoweza kufanya ni kuijua ratiba ya chuo mapema, Agosti ile ile, akaagiza mzigo wake Oktoba, au akatafuta mtu wa kusimamia duka wiki mbili za mtihani na kumzoeza tangu Septemba. Ratiba hiyo ya mwaka hugawiwa na kuelezwa katika wiki ya maelekezo. Anayeipata Novemba ameipata kama habari ya msiba, hana la kufanya isipokuwa kuhudhuria.

Pia uliza juu ya madarasa ya jioni na ya mwishoni mwa wiki. Vyuo vingi vya Kampala vina ratiba hizo tangu Makerere ilipofungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vingine hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kama Agosti haikufai kwa sababu ya mzigo, huenda Januari itakufaa. Ni bora kuchelewa kuanza miezi mitano kuliko kuanza na kuanguka.

Alama zinavyohesabiwa

Jambo la pili linalowashtua waliozoea shule za zamani ni kwamba mtihani wa mwisho si kila kitu. Katika vyuo vingi, kazi za muhula, yaani majaribio, insha na kazi za vikundi, huchukua asilimia 30 au 40 ya alama zote. Mtihani wa mwisho huchukua zilizobaki, na alama ya kufaulu somo kwa kawaida ni 50.

Chukua mtu aliyefika wiki ya sita, akakosa jaribio la kwanza na kazi ya kikundi, akabakiwa na alama 10 kati ya 40. Ili apate 50 anahitaji 40 kati ya 60 katika mtihani. Mwenzake aliyekusanya 28 anahitaji 22 tu. Wote wawili wameketi chumba kimoja, wamepewa swali moja, lakini mmoja amebeba gunia mbili na mwingine nusu.

Alama hizo hugeuzwa kuwa pointi kwa kila somo, na wastani wa pointi ndio unaoamua daraja la shahada. Kwa mfumo wa Makerere, ambao vyuo vingi vimeufuata kwa karibu, kiwango cha juu ni 5.0. Kuanzia 4.40 ni daraja la kwanza, 3.60 hadi 4.39 ni daraja la pili la juu, 2.80 hadi 3.59 ni daraja la pili la chini, na 2.00 hadi 2.79 ni ufaulu wa kawaida. Muhula wa kwanza unahesabiwa sawa na wa mwisho. Anayesema atajirekebisha mwaka wa tatu atakuta kapu lake limeshajaa masomo ya kurudia, na kila somo la kurudia lina malipo yake.

Kilo ya maharage kwa jicho la kitabu

Wapo wanaouliza, mtu aliyefanya biashara miaka 15 anakwenda kufundishwa nini na mhadhiri ambaye hajawahi kuuza hata sanduku la sabuni? Swali hili ni la haki, na jibu lake linapatikana katika somo la uhasibu, mojawapo ya masomo ya mwaka wa kwanza pamoja na uchumi, hesabu za biashara, misingi ya uongozi, kompyuta na stadi za mawasiliano.

Tuseme umenunua magunia 20 ya maharage kwa shilingi 250,000 kila moja. Umetoa shilingi 5,000,000. Umeyafikisha Kampala ukauza kwa shilingi 300,000 kila gunia, jumla 6,000,000. Sokoni utasema umepata faida ya milioni moja, na jioni utamnunulia mwenzako soda.

Mhasibu atakuuliza maswali. Lori ulilipa kiasi gani? Shilingi 400,000. Vibarua na ushuru wa soko? Shilingi 200,000. Chakula chako, gesti na simu kwa siku zote hizo? Shilingi 150,000. Fedha ya kununulia ilikuwa yako? Hapana, ulikopa kwa mtu kwa wiki mbili na ukamrudishia na nyongeza ya shilingi 100,000. Ukiondoa yote hayo, faida iliyobaki ni shilingi 150,000, ambayo ni asilimia tatu ya fedha uliyoitoa.

Swali la mwisho ndilo linalouma. Wote walilipa? Hapana, magunia mawili alichukua shemeji, atalipa mwisho wa mwezi. Hapo utakuta kwamba kwenye karatasi una faida ya shilingi 150,000, lakini katika fedha iliyopita mkononi umepungukiwa shilingi 450,000. Ndiyo maana duka linaweza kuwa na faida na bado likafungwa.

Mfanyabiashara mzoefu huyajua mambo haya kwa hisia. Anajua kuna mahali fedha inavuja, ila haoni tundu. Kitabu kinampa jina la kila tundu na safu ya kuliandika. Kijana aliyetoka kidato cha sita atazikariri safu hizo bila kujua gunia linafananaje. Wewe utaziona zikiwa na sura ya shemeji yako. Hiyo ni faida kubwa darasani, mradi uwe umefika darasani.

Vivyo hivyo kwa somo la hatari za biashara. Waliokuwa wakifanya kazi mpaka wa Katuna hawahitaji kuelezwa maana yake, kwani mpaka huo wa Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi mwisho wa Januari 2022. Aliyekuwa na mteja mmoja tu upande wa pili alijikuta hana biashara. Aliyekuwa na njia ya Mutukula au Busia alisota, lakini alisimama. Hata mfumo rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, unaomwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ni mada ya darasani, na wewe umeutumia kabla hujausoma.

Lugha na umri

Kiingereza ndicho lugha ya masomo. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa Katiba tangu marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mihadhara, vitabu na mitihani ya biashara bado ni kwa Kiingereza. Aliyesomea Kongo kwa Kifaransa, au shule ya msingi ya Tanzania kwa Kiswahili, atasikia hotuba ya kwanza kama mvua ya mawe.

Dawa yake ni kuuliza mapema kama chuo kina darasa la kuimarisha lugha, na kulichukua somo la stadi za mawasiliano kwa uzito. Somo hilo hudharauliwa kwa sababu halina hesabu, kumbe ndilo linalofundisha namna ya kuandika insha, kutaja chanzo cha maneno ya mtu mwingine na kuepuka kosa la kunakili. Vyuo huliadhibu vikali kosa hilo, na aliyefundishwa zamani kwamba kuandika maneno ya kitabu kama yalivyo ndiyo usomi anaweza kulitenda bila nia mbaya.

Umri nao huwatisha watu bure. Vijana watakuita "mzee" au "maama" siku ya kwanza, na mhadhiri anaweza kuwa rika la mdogo wako wa mwisho. Msalimie kwa heshima ya kazi yake, naye atakuheshimu kwa umri wako. Katika kazi za vikundi, vijana hao watakufundisha kompyuta na mfumo wa masomo wa intaneti, ambao vyuo viliutegemea sana baada ya kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wewe utawafundisha kuamka mapema na kutimiza ahadi. Kikundi huundwa wiki ya kwanza, na anayechelewa hupangiwa na waliobaki.

Maswali ya kubeba

Kwa anayejiandaa kuanza, haya ndiyo maswali ya kuandika kwenye karatasi na kuyauliza kabla wiki ya maelekezo haijaisha.

Je, programu yangu imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na mpaka mwaka gani? Mei 2023 palizuka mjadala mkubwa nchini baada ya orodha ya Baraza kuonyesha kwamba programu nyingi, zikiwamo za vyuo vikubwa, zilikuwa zimepita muda wa kufanyiwa tathmini upya. Kuuliza si utovu wa adabu.

Je, mwisho wa usajili ni tarehe gani, na ni asilimia ngapi ya ada inayotakiwa ifikapo siku hiyo?

Je, kiwango cha chini cha mahudhurio ni kipi, na nikikwama mpakani nimwarifu nani kwa maandishi?

Je, nikilazimika kusimama muhula mmoja kwa sababu ya ugonjwa au kukosa ada, utaratibu wa kuahirisha ni upi? Anayeahirisha kwa barua hurudi kwenye nafasi yake. Anayetoweka huanza upya.

Je, diploma yangu au masomo niliyofaulu kwingine yanaweza kupunguza idadi ya masomo hapa?

Je, jina langu limeandikwa sawasawa? Hili ni la waliorudi hasa. Mtu anaitwa hivi kwenye cheti cha kambini, vile kwenye kitambulisho cha taifa, na kwa namna ya tatu kwenye pasipoti. Kosa la herufi moja lililoachwa mwaka wa kwanza hulipiwa hati ya kiapo mwaka wa tatu, wiki ya mahafali, wakati foleni imefika barabarani.

Mwenye duka akipanga vizuri, siku tano za wiki hiyo anaweza kuzifidia. Afunge hesabu Jumamosi, aagize mzigo wa siku kumi badala ya tano, na amwachie msaidizi bei zikiwa zimeandikwa kwenye daftari. Jumatatu saa mbili asubuhi awe ameketi ukumbini, na bahasha yake ya vyeti halisi, nakala zake, picha za pasipoti na kalamu mbili, kwa sababu jirani yake hatakuwa nayo.